Hesabu ya Kiputo

Mimi si mwanasayansi. Ni mhasibu daraja la pili,
ofisi ya nyuma, Chumbageni,
vumbi la saruji limekaa juu ya leja
kama mgeni asiyejua kuaga.

Fungu letu ni dogo. Serikali imetupa
ukoko, wakubwa walipokwisha kupakua:
fedha ya maji ya kukeneka, ya waya wa nikeli, ya glavu,
na ya umeme, ambao hukatika saa nane mchana
bila kuomba kibali.

Mle ndani Daktari Mwanamkuu Shekiondo anatenganisha maji.
Alinieleza mara mbili, ya pili polepole:
maji ni ndoa, na mimi natafuta talaka ya bei nafuu.
Platini huachanisha upesi,
ila ada yake ni ya wakili wa mjini.
Basi anajaribu nikeli. Mwaka wa tatu sasa
anaipaka, anaichoma, anaipaka tena,
anaandika daftarini *haikufaa*
kwa mwandiko wa mtu anayeandika barua ya posa.

Haidrojeni hutoka viputo,
vidogo kuliko jicho la dagaa.
Haina rangi, haina harufu,
fungua kiganja, imeshapaa.
Waja leo, waondoka leo,
ndivyo tusemavyo Tanga juu ya wageni,
na wengi wao, tunajua, hawakuondoka:
walioa, wakajenga Makorora.
Labda na hii tutaibakiza, anasema daktari.
Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Kuibakiza.

Mwezi wa tatu alikuja mkaguzi kutoka Dodoma,
Bwana Lusajo, suti ya kijivu, jasho la kwetu shingoni.
Mmezalisha lita ngapi?
Sifuri.
Gari gani linatumia?
Hakuna.
Sasa fedha zimekwenda wapi?
Nikamtolea stakabadhi, zote, hata ya sabuni.
Akaandika, nami nikasoma kichwachini:
*Hoja namba nne. Matokeo hayaonekani stoo.*

Nilitaka kumweleza habari za baba, kibarua wa mkonge, Ngomeni.
Miaka mitatu shamba ni miiba tu,
haukatwi, haulipi, unapaliliwa,
na mtu fulani, ofisi fulani, kila mwisho wa mwezi
alitia saini malipo ya palizi
kwa kitu ambacho hakijawa kamba.
Sikusema.
Mhasibu hasemi, huambatanisha.

Daktari ndiye aliyeinuka.
Akachukua neli ya kioo, akaishika mdomo chini,
akawasha njiti, akaisogeza.

Pwa.

Sauti ndogo hivi,
kama mtoto amebusu kiganja chake mwenyewe.
Ndani ya kioo pakaingia ukungu.
"Wamerudiana," daktari akasema. "Hayo ni maji.
Moshi wake ndio huo, hauna mwingine."

Bwana Lusajo alivua miwani.
Akapitisha kidole ndani ya neli,
akakitoa, akakitazama
kama mtu aliyeonjeshwa mchuzi asioujua jina.
"Hebu tena."
Tena.
"Tena."
Njiti zikatuishia. Nikamtuma dereva dukani,
Barabara ya Kumi na Mbili, kiberiti kimoja,
na mwenye duka, kama kawaida, hatoi risiti.

Hoja hakuifuta.
Aliondoka na mafaili yake kabla ya magharibi,
suti begani, kile kidole kikiwa kimesimama
mbali kidogo na vingine.
Bajeti ya mwakani bado. Wamesema wataangalia.

Mimi nimebaki na fomu. Safu ya gharama:
kiberiti kimoja, mfukoni kwangu, hakidaiwi.
Safu ya matokeo ni nyembamba, wameipimia
watu wenye majibu mafupi.
Nimeandika: sauti, saba.
Nikafikiri kidogo, nikaongeza:
unyevu, kidole kimoja.